Wafalme Wamegusana: mstari wa kompyuta uwashwe au ufunikwe?

JUMA: Karibuni tena. Leo nimekuja na karatasi kabisa. Ina masomo matano ya kumsaidia shabiki anayefuatilia mechi ya timu kwenye sataranji: majina, rangi, saa, sare, na namna timu zilizolingana pointi zinavyotenganishwa. Tukienda mwendo mzuri tunayamaliza yote.

REHEMA: Karatasi yako naiheshimu, kaka Juma, ila kwanza nina la Jumanne. Bado linanikereketa.

JUMA: Haya, sema.

REHEMA: Mechi ya timu ya sataranji, wanne kwa wanne, mbao nne zote ziko kwenye simu. Tunaongoza 2–1, umebaki ubao wa 4, na sare tu inatutosha. Mara mfalme wetu mweupe anaruka kutoka nyumba ya g1 mpaka e4. Katikati ya ubao! Ule mstari wa kompyuta pembeni, unaoonyesha nani yuko juu, mweupe au mweusi, ukadondoka wote, ukawa mweusi tii. Nikajua tumefungwa, mechi ni 2–2. Nikafunga simu. Baadaye naangalia matokeo, kumbe tumeshinda 2½–1½.

JUMA: Na mfalme mweusi alikuwa wapi?

REHEMA: e5. Uso kwa uso na wetu.

JUMA: Basi hiyo ni sare, dada! Pale ulipofunga simu ndipo ulipopaswa kushangilia.

REHEMA: Najua sasa. Waeleze na wasikilizaji, maana si mimi peke yangu.

JUMA: Ubao ule una vihisi chini yake. Kila kete ikihamishwa, hatua inakwenda kwenye kompyuta ya waandaaji, halafu kwetu. Mchezo ukiisha, matokeo yanaingizwa kwa kuweka wafalme kwenye zile nyumba nne za katikati. Wote wawili wakiwa kwenye nyumba nyeupe, yaani e4 na d5, mweupe kashinda. Wote kwenye nyumba nyeusi, d4 na e5, mweusi kashinda. Mmoja kwenye nyeupe na mwingine kwenye nyeusi, sare.

REHEMA: Na kuna dalili rahisi zaidi kwa asiyekumbuka rangi za nyumba. Kwenye mchezo halali, wafalme wawili hawagusani kamwe. Ukiwaona wamegusana, mchezo umekwisha. Usiusome ule mstari, subiri matokeo yaandikwe.

JUMA: Wafalme wamegusana, mambo yamekwisha. Hiyo naichukua. Na la pili: kete ikiwekwa nusu huku nusu kule, kihisi hakiisomi. Matangazo yanaganda, unadhani mchezaji anawaza dakika ishirini, kisha zinamwagika hatua sita kwa mpigo. Zaidi ya hapo, baadhi ya mashindano huchelewesha matangazo kwa dakika 15 ili kuzuia udanganyifu. Kwa hiyo saa unayoiona huenda si saa iliyopo ukumbini.

REHEMA: Sawa. Somo la kwanza.

JUMA: Majina. Nachukua mfano wa Olimpiadi ya sataranji, inayoandaliwa na FIDE, shirikisho la dunia. Timu ina watu watano: wanne wanacheza, mmoja anapumzika. Nahodha anapeleka orodha kabla ya kila raundi. Mpangilio wa ubao umefungwa tangu mwanzo wa mashindano, haugeuzwi. Akipumzishwa wa ubao wa 2, wa 3 anapanda ubao wa 2, wa 4 anapanda wa 3, na wa akiba anakaa ubao wa 4. Kwa hiyo orodha ikitoka, swali la kwanza si nani anacheza. Uliza nani amepumzishwa, maana kila aliye chini yake sasa anakutana na mpinzani mzito kuliko kawaida yake.

REHEMA: Na rangi?

JUMA: Timu iliyotajwa kwanza inachukua nyeupe kwenye ubao wa 1 na wa 3, nyeusi kwenye wa 2 na wa 4. Kwa hiyo ukiona timu yako imetajwa ya pili, ushindi utafute kwanza kwenye ubao wa 2 na wa 4, na kwenye zile nyingine mbili uombe uvumilivu.

REHEMA: Pale ndipo mstari unaponisaidia. Mbao nne, macho mawili. Siwezi kupiga hesabu za michezo minne kwa wakati mmoja. Mstari ukitikisika kwenye ubao wa 2, nakimbilia ubao wa 2.

JUMA: Mimi nasema ufunike. Bandika kipande cha karatasi juu yake, au uzime kwenye mipangilio.

REHEMA: Kwa nini, kwa sababu ya Jumanne?

JUMA: Hapana, kwa sababu mstari haujui mambo mawili yanayoamua mechi ya timu: saa, na matokeo ya mbao nyingine. Chukua Stockfish, injini ya sataranji, yaani programu inayopima nafasi kwa namba: ya kujumlisha ni nafuu ya mweupe. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1.00 maana yake ni kwamba ikicheza na nafsi yake toka hapo, upande ule unashinda karibu nusu ya michezo. Nusu tu! Na hiyo ni kompyuta kwa kompyuta. Sasa mpe binadamu mwenye sekunde 40.

REHEMA: Mfano huo ni wangu, si wako. Maana ukijua +1.00 ni nusu kwa nusu, unaitazama ile namba kwa akili. Kosa ni la anayeona +0.3 hatua ya 8 akaanza kusherehekea. +0.3 mwanzoni ni ile nafuu tu ya kuanza na nyeupe.

JUMA: Na anayetumia simu?

REHEMA: Asubiri. Injini ikianza kuhesabu, namba inarukaruka. Usiiamini kabla ya kina cha 20 hivi, yaani kabla haijatazama mbele hatua 20 za pande zote mbili. Na zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa humo, hapo hakuna kubahatisha tena, majibu yamehesabiwa yote, ni ushindi au ni sare. Hapo hata wewe utafunua karatasi yako.

JUMA: Sifunui. Twende kwenye saa, maana saa ndiyo hoja yangu. Kila mchezaji ana dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu ya kwanza. Hatua 40 mara sekunde 30 ni dakika 20. Kwa hiyo kila mmoja ana dakika 110 za kufika hatua ya 40, wote wawili ni dakika 220, yaani saa tatu na dakika 40. Mechi ikianza saa 9 alasiri, zile dakika 40 kabla ya saa 12 na dakika 40 jioni ndiyo roho ya mechi. Mbao mbili au tatu zinaweza kugeuka humo. Wakivuka hatua ya 40 wanaongezewa dakika 30, presha inashuka.

REHEMA: Hilo nalikubali lote. Na anayeweza kutenga saa moja tu atenge hiyo.

JUMA: Sasa ndani ya saa hiyo, mstari unakwambia +3 na wewe unapumua. Mchezaji hapumui! Ana sekunde 50 na askari wake wawili hawana mlinzi. Shabiki ni yule anayeogopa pamoja na mchezaji. Mstari unakunyang'anya hofu.

REHEMA: Unaniongezea! Mstari ukinionyesha kwamba kuna hatua moja tu inayookoa, farasi arudi nyuma, zote nyingine zinapoteza, na saa ya mtu wetu inasoma 0:38, mimi mkono uko mdomoni. Wewe uliyefunika unaona mtu anawaza tu. Hujui kwamba yuko ukingoni.

JUMA: Najua, kwa sababu nimehesabu mwenyewe.

REHEMA: Mbao nne, Juma?

JUMA: Mmoja. Ninachagua mmoja.

REHEMA: Basi umetazama robo ya mechi. Chukua Olimpiadi ya Budapest 2024, raundi ya 10, India na Marekani. Ubao wa 2 Praggnanandhaa wa India anafungwa na Wesley So wa Marekani. Ukichagua ubao huo ukafunika na mstari, utalala ukijua India imezama. Kumbe Gukesh kamfunga Caruana kwenye wa 1, Arjun Erigaisi kamfunga Dominguez kwenye wa 3, Vidit na Aronian sare kwenye wa 4. India 2½–1½. Walimaliza mashindano na pointi 21 kati ya 22.

JUMA: Na mimi nakupeleka Chennai 2022, raundi ya 10 hiyo hiyo. Gukesh wa India dhidi ya Abdusattorov wa Uzbekistan. Nafasi nzuri ya Gukesh, mstari uko upande wake, watu wameshaandika ushindi. Akateleza, akafungwa, mechi ikaisha 2–2, na Uzbekistan ndio waliobeba dhahabu mwisho wa mashindano. Aliyekuwa akitazama saa na uso wa yule kijana alikuwa na wasiwasi. Aliyekuwa akitazama mstari alishtukizwa.

REHEMA: Aliyekuwa na mstari alijua ni hatua ipi ilivunja mchezo, papo hapo. Wewe ungejua kesho yake.

JUMA: Kesho yake ni wakati mzuri wa kujua. Mimi nina utaratibu: funika, andika hatua unayodhani itachezwa na sababu yake kwa mstari mmoja, linganisha. Ukimaliza hatua ya 40 ndipo ufungue injini upitie.

REHEMA: Huo ni utaratibu wa mwanafunzi, na ni mzuri. Si wa shabiki. Mtu aliyeanza kufuatilia mwezi uliopita, ukimwambia afunike, atakaa saa nne haelewi kinachoendelea na hatarudi raundi ya pili.

JUMA: Atarudi akiwa ameelewa kitu chake mwenyewe.

REHEMA: Sikubali.

JUMA: Wala mimi sikubali.

REHEMA: Basi twende kwenye sare, tumekaa hapa muda mrefu.

JUMA: Sare. Tangu Dresden 2008, Olimpiadi inahesabu kwanza pointi za mechi: ushindi 2, sare 1, kufungwa 0. Ukishinda 2½–1½ unapata 2, ukishinda 4–0 unapata 2 zile zile. Kabla ya hapo kila nusu pointi ya kila ubao iliingia moja kwa moja kwenye msimamo. Hii ndiyo sababu sare ya ubao mmoja siku hizi inaweza kuwa na thamani ya dhahabu.

REHEMA: Na ndiyo sababu watu wanakasirika bure. Timu inaongoza 2–1, wa mwisho ana nafasi nzuri kidogo, anarudia hatua mara tatu, sare. "Mbona hakucheza kushinda?" Afanye nini na ushindi? Pointi za mechi hazibadiliki.

JUMA: Na mstari ulikuwa unasema nini hapo?

REHEMA: +1.2.

JUMA: Enhe! Mstari ndio umewakasirisha.

REHEMA: Kilichowakasirisha ni kutojua hesabu ya mechi. Andika 2–1 juu ya karatasi, weka pembeni ya mstari, umemaliza. Vitu viwili vinasomwa pamoja.

JUMA: Na hapo yumo nahodha. Kwenye Olimpiadi za karibuni hairuhusiwi kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30, ingawa kurudia nafasi mara tatu kunabaki kuwa sare ya kihalali. Baada ya hapo mchezaji akipewa sare anaweza kumuuliza nahodha akubali au la. Nahodha anajibu "ndiyo", "hapana", au anamwachia aamue mwenyewe. Haruhusiwi kusema lolote kuhusu nafasi iliyo ubaoni. Kwa hiyo ukiona mchezaji ameinua macho kumtafuta nahodha, kwenye picha za ukumbini, jua sare iko mezani. Hilo mstari hauwezi kukuonyesha.

REHEMA: Hilo nakupa. Hilo tu.

JUMA: Tumebakiza dakika ngapi? Mbili. Somo la tano lilikuwa kutenganisha timu zilizolingana, na ndilo nililiandaa zaidi.

REHEMA: Olimpiadi ya Baku 2016 walau.

JUMA: Kwa haraka. Ukraine walishinda mechi 10, wakafungwa moja, na Marekani wenyewe. Marekani wakashinda 9 na sare 2. Pointi 20 kwa 20. Dhahabu ikaenda Marekani kwa kipimo cha Sonneborn-Berger, ambapo pointi ulizopata kwenye mbao kwa kila mpinzani zinazidishwa kwa pointi za mechi alizomaliza nazo mpinzani huyo, na mpinzani mmoja mwenye pointi chache kuliko wote anaondolewa. Maana yake, raundi ya mwisho inabidi ufuatilie hadi meza za mbali, wanakocheza wale mliokutana nao siku za nyuma. Namna ya kuipiga kwa mkono ina hatua zake, na ukiwa na jedwali la...

REHEMA: Hatuna muda huo, kaka.

JUMA: Basi imebaki. Wafalme wamegusana. Mimi wangu nimemweka e4, wako yuko e5.

REHEMA: Sare sijaikubali. Na hatua ya 30 bado haijafika.