Mkanda wa Gaddafi hukatwa wapi?

Mambo vipi machalii wa Arusha, na nyie wa Moshi kuanzia Pasua mpaka Kiboriloni. Wazee mnaotazama kwenye simu za wajukuu, shikamooni.

Leo tunamzungumzia Gaddafi, yule aliyekuwa kiongozi wa Libya, maana kila ikikaribia tarehe 20 Oktoba, siku aliyouawa mwaka 2011, ile picha hurudi kwenye magrupu. Mzee kavaa miwani, pembeni orodha ndefu: umeme bure, nyumba bure, wanandoa wapya dola 50,000, na chini kabisa, "mabeberu wamemuua shujaa wetu". Zinafuata dua, zinafuata zile alama za machozi, na hakuna hata mmoja wa kusema ngoja kwanza.

Huku Uingereza nako ni upande mmoja, ila umegeuzwa. Huku ukimtaja watu wanakumbuka askari polisi Yvonne Fletcher, aliyepigwa risasi kutoka ndani ya ubalozi wa Libya London mwaka 1984, na ndege ya Pan Am iliyolipuliwa angani Lockerbie tarehe 21 Desemba 1988, watu 270 wakafa. Kwa hiyo siku ya kifo chake wengi walishangilia. Hata Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alicheka mbele ya kamera: tulikuja, tukaona, akafa.

Wote hao wanaangalia mkanda uleule wa filamu, ila kila mmoja kaukata pake. Ndiyo maana mimi swali la kwanza siulizi alikuwa mwema au mbaya. Nauliza, simulizi hii imeanzia mwaka gani na imeishia wapi?

Ya vijiweni kwetu huanzia tarehe 19 Machi 2011, ndege za Ufaransa, Uingereza na Marekani zilipoanza kupiga Libya. Ukianzia hapo, jamaa ni mhanga tu. Sasa rudisha nyuma mpaka 1979. Hili kwa Mtanzania lingepaswa kuwa la kwanza, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Vita ya Kagera, majeshi yetu yakimsukuma Idi Amin kuelekea Kampala, Gaddafi alimletea Amin askari na silaha. Machi 1979 pale Lukaya, JWTZ walipigana na Walibya uso kwa uso, na Walibya wengi hawakurudi kwao. Mwezi huohuo ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kulipua matangi ya mafuta Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Saa Nane, kile kisiwa cha hifadhi, yakaua wanyama. Lile bomu lingepiga lilikokusudiwa, leo tungekuwa na kumbukumbu ya kila mwaka Mwanza, na orodha ya umeme bure ingepata taabu kidogo kusambaa. Badala yake tuna Msikiti wa Gaddafi Dodoma, na watu wanakumbuka msikiti. Siwalaumu. Msikiti unaonekana.

Kuna na ndege nyingine ambayo huku hawaitaji na kwetu hawaijui: UTA 772, iliyotoka Brazzaville kupitia N'Djamena kwenda Paris. Ililipuka juu ya jangwa la Niger tarehe 19 Septemba 1989, watu 170 wakafa, wakiwemo Wakongo na Wachadi wengi. Mahakama ya Ufaransa iliwatia hatiani Walibya 6 bila wao kuwepo, mwaka 1999. Anayesema Gaddafi hakuwahi kumdhuru Mwafrika, mtajie safari hiyo ya ndege.

Halafu Walibya wenyewe. Juni 1996, gereza la Abu Salim, Tripoli, wafungwa wanaokadiriwa kufika 1,200 waliuawa. Familia zilikaa miaka zikidai kujua ndugu zao wako wapi. Tarehe 15 Februari 2011 wakili wao, Fathi Terbil, akakamatwa Benghazi, watu wakatoka barabarani. Uasi ulianzia hapo, kwa mama anayetafuta mwili wa mwanawe, kabla NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, haujaingia.

Sasa msinigeuzie kibao. Wanaomlilia wana hoja, tatizo ni kwamba wanashika ile dhaifu. Ile dola 50,000 haitaji sheria, haitaji mwaka, haitaji ofisi ya kwenda kulipwa. Chukua badala yake ripoti ya maendeleo ya watu ya Umoja wa Mataifa ya 2010: Libya ilikuwa nafasi ya 53 duniani, juu ya nchi zote za Afrika zilizopimwa. Chukua mradi wa maji wa jangwani, mabomba ya zege yenye kipenyo cha mita 4, gari la Noah linapita humo bila kugusa. Chukua ripoti ya kamati ya mambo ya nje ya Bunge la Uingereza, Septemba 2016, iliyosema serikali yao haikuthibitisha ukubwa wa hatari kwa raia kabla ya kuingia vitani. Hoja hizo anayeshangilia lazima akae chini azijibu.

Kosa linalovuruga mjadala ni kutia maswali matatu kwenye ndoo moja: aliongoza vipi, vita ile ilikuwa halali, na kumuua vile ilikuwa sawa? Msafara wake ulipigwa na ndege ukijaribu kutoka Sirte, yeye akajificha kwenye kalavati chini ya barabara. Mtu wa mabomba ya mita 4 kaishia kwenye bomba la maji ya mvua. Alitolewa hai, video zipo, damu inamtiririka usoni, anaongea. Baadaye maiti ikalazwa Misrata kwenye chumba baridi cha nyama, watu wakapanga foleni kuitazama wameziba pua. Unaweza kuamini alikuwa katili miaka 42 na bado ukasema kuua mateka ni uhalifu. Ushahidi wa Abu Salim haujibu swali la kalavati, wala kalavati haifuti Abu Salim.

Na hili la "mabeberu" peke yao: azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoruhusu nguvu za kijeshi kulinda raia wa Libya, lilipita tarehe 17 Machi 2011 kwa kura 10, nchi 5 hazikuegemea upande. Ndani ya zile 10 kuna Afrika Kusini, Nigeria na Gabon.

Kwa hiyo picha ikija mwaka huu, fanya hivi. Angalia ile alama ya mishale miwili WhatsApp. Maana yake ujumbe umeshapita mikono 5 au zaidi, aliyekutumia siye aliyeuandika. Ikiwa ni video, piga skrinishoti 3 sehemu tofauti uzitafute kwenye Google Lens. Kata kwanza maandishi yaliyobandikwa juu, maana mara nyingi Lens itakutafutia maandishi badala ya sura.

Nyie wa Arusha mna kitu ambacho sisi huku hatuna. Tarehe 25 Machi 2011, siku 6 baada ya mabomu kuanza, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo iliyoko kwa TANAPA barabara ya Dodoma mnayoipita na daladala, iliiamuru Libya iache vitendo vinavyopoteza maisha ya watu, na itoe taarifa ndani ya siku 15. Aliyepeleka shauri si mzungu, ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni shauri namba 004/2011. Litafuteni mtandaoni, ni kurasa chache tu, hata bando la buku linatosha.