Kabla Hujaiuza Detekta Yako

Ndugu zangu wachimbaji, habari za asubuhi. Wazee wangu na mama zangu mlioketi huku mbele, shikamooni.

Nimeitwa hapa Makongolosi nizungumzie detekta, hizi mashine zetu za kutafutia dhahabu ardhini, na swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Mzee, niiuze hii detekta ninunue kubwa?" Anayeuliza mara nyingi amekesha akipiga hesabu, amekwisha kumwona mtu wa kumkopesha, anangoja mimi niseme ndiyo. Nami humuuliza: leo asubuhi, kabla hujaanza kutafuta, uliisawazishaje mashine na udongo, yaani uliizoeshaje isipige kelele kwa chuma cha udongo wenyewe? Wengi hunyamaza.

Nianzie mbali kidogo. Tarehe 2 Julai 1881, mjini Washington, Rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi. Risasi moja ikabaki mwilini, madaktari wasijue imekaa wapi. Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, akatengeneza chombo cha kutafuta metali kwa umeme. Akakijaribu kwa maaskari wa zamani waliokuwa wakiishi na risasi miilini, kikafanya kazi. Alipokifikisha kitandani kwa Rais, kikamvuruga. Kitanda kilikuwa na springi za chuma, na daktari msimamizi alitaka upande wa kulia tu ndio upimwe, maana ndiko alikoamini risasi iko. Rais akafariki tarehe 19 Septemba. Walipoupasua mwili, risasi ikaonekana upande wa kushoto.

Kisa hiki hunisumbua kila nikikikumbuka. Chombo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni mtu kusema: toeni springi hizi, halafu tupime na upande wa pili.

Nasi makorongo yetu yamejaa springi. Dhahabu ya Lupa, eneo letu hili la Chunya, ilijulikana mwaka 1922, na miaka ya 1930 watu wakamiminika huku. Waliondoka na dhahabu, wakatuachia misumari, makopo, maganda ya risasi na vipande vya nyaya. Hapo sijataja changarawe nyekundu yenye chuma na mchanga mweusi unaoshika sumaku. Detekta husikia vyote hivyo. Wewe ndiye wa kutambua kipi ni kipi.

Sasa niseme ukweli wote, maana sikuja kuwadanganya kwamba mashine zote ni sawa. Kila detekta hupeleka nguvu ya sumaku ardhini kupitia koili, ile sahani ya chini. Metali ikipatwa na nguvu hiyo huzalisha umeme mdogo, na umeme huo hurudisha sumaku yake, koili ikaisikia. Ziko mashine zinazotuma mawimbi mfululizo, kama Gold Monster 1000 inayofanya kazi kwa kilohezi 45. Hizi zina masikio makali kwa punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi. Nyingine, kama GPX 5000, hutuma mapigo: zinapiga, zinanyamaza, zinasikiliza. Hizo huvumilia zaidi udongo wenye chuma na huenda chini zaidi kwa kipande kikubwa. Aliyewahi kufanya kazi Geita juu ya yale mawe yenye matabaka ya chuma anajua mashine ya mawimbi inavyoweza kupiga kelele kutwa nzima. Tofauti ipo, na ni kubwa. Hata hivyo hakuna mashine kati ya hizo itakayoona dhahabu ya vumbi iliyotawanyika ndani ya mwamba. Hiyo ni kazi ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na maji.

Mwaka 2016 niliuza mashine yangu ya mawimbi. Nilikuwa nimeshazunguka korongo moja miezi mitatu na kutoka na pointi chache tu, na pointi ni sehemu moja ya kumi ya gramu, nikaamua mashine imefika mwisho wake. Aliyeinunua ni kijana mpole asiye na haraka. Wiki ya pili akaniletea kipande cha gramu nne, kimetoka kwenye korongo lile lile, chini ya ukingo niliokuwa nikipita kila siku. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Alikuwa amepunguza usikivu wa mashine mpaka kelele zikatulia. Mimi nilikuwa nimeupandisha hadi mwisho, nikidhani ndivyo mtu anavyopata kina. Sahani aliipitisha karibu kabisa na ardhi, polepole, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Mimi nilikuwa napeperusha kama mtu anayefyeka majani: katikati sahani iko chini, mwisho wa mkono iko juu. Ukiinyanyua sentimita tano, ndugu yangu, hizo tano umezitoa kwenye kina chako mwenyewe. Na alikuwa anachimba hata pale mashine iliposema chuma. Punje ndogo ikizungukwa na udongo wa chuma, mashine ya mawimbi huweza kuiita msumari. Ni dhahabu ngapi niliziruka kwa kuiamini ile alama ya chuma! Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla hujauza, fanya jaribio hili. Chukua kipande chako cha pointi tano, yaani nusu gramu, kigandishe kwa gundi kwenye kifuniko cha plastiki kisikupotee. Usichimbe shimo ukakifukia, kwa sababu udongo uliovurugwa hautoi jibu sawa na udongo uliotulia. Toboa tundu la mshazari kwa mti uliochongwa, sukuma kipande kwa kijiti mpaka kikae chini ya ardhi isiyoguswa. Sentimita tano kwanza, halafu kumi, halafu kumi na tano. Pita juu yake, badilisha usikivu, sawazisha upya, pita tena. Andika kwenye daftari. Sikiliza kwa hedifoni, maana sauti ya dhahabu iliyo mbali si mlio, ni kama mtu amevuta pumzi. Simu iwe mbali, sururu iwe mbali, viatu vyenye chuma vivuliwe, na mwenzako mwenye mashine asogee kando, kwa sababu mashine mbili zikikaribiana huvurugana.

Ukifanya hivyo siku nyingi, ukawa unakijua kila kitufe, na bado kipande cha gramu nzima kilicho sentimita kumi chini hakisikiki kwenye udongo wa leseni yako, hapo udongo umeishinda mashine. Hapo badilisha, na uende kwenye mashine ya mapigo. Usitoke kwenye ya mawimbi ukanunua nyingine ya mawimbi yenye kioo kikubwa zaidi. Wakati mwingine koili ndogo tu inatosha, kama taka za chuma ndizo tatizo lako. Kumbuka pia kwamba mashine ya chini bei yake inakaribia ya bodaboda, na ile ya juu inalingana na gari kuukuu. Deni la gari halilipwi kwa pointi mbili za wiki.

Ukinunua, angalia feki. Zipo nyingi, zimepakwa rangi ile ile na kubandikwa jina lile lile. Muuzaji akikataa usiijaribu ardhini kwa kipande chako mwenyewe, rudi nyumbani na pesa yako. Na hizo zenye antena mbili zinazodaiwa kuelekeza dhahabu iliyo mita mia, msizikaribie. Hakuna kitu ndani. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa ajili ya kijiti cha plastiki.

Nimesema ya kutosha. Jana jioni nilisukuma vipande sita ardhini kwa matundu ya mshazari pale nyuma, kando ya mti wa mwembe, na kimoja kati ya hivyo ni msumari. Chai ikiisha, kila mmoja aje na mashine yake, hata ile aliyokwisha kuitangazia bei. Simu zote ziachwe hapa mezani.