Usiniulize hadithi kaitoa wapi, niulize kageuza nini

Asalaam aleikum. Na wa bwana asifiwe nimewaona pale kushoto, nanyi karibuni. Wazee wangu shikamooni. Maiki inafika huko nyuma? Haya. Projekta imegoma kama mnavyoona, kwa hiyo picha nilizoandaa mtaziona siku nyingine, leo ni mimi tu na hii sura yangu, mnivumilie.

Nimeitwa nizungumze juu ya waandishi na vitabu vyao na zile hadithi zinazowasukuma waandike. Yule ndugu aliyenipigia simu alitumia neno "ilhamu". Mi hilo neno linanipa wasiwasi kidogo maana ukilitamka tu watu wanamuona mwandishi kakaa chini ya mkuyu saa kumi alfajiri, macho juu, anasubiri kitu kimshukie. Mimi Tanga hii nimekaa miaka yote sijamuona mtu aliyeshukiwa. Nimeona watu waliokaa barazani wakasikiliza weee, kahawa ikapita na kashata ikapita, halafu wakaenda kwao wakaandika kile kile walichosikia, ila kuna mahali wamegeuza. Sasa sisi wasomaji tunakimbilia kuuliza hadithi hii kaitoa wapi, kama polisi anavyokuuliza baiskeli hii umeitoa wapi, risiti iko wapi. Hadithi hazina risiti jamani. Swali langu mimi ni lingine: sawa, kaichukua kwa watu, baada ya kuichukua kageuza nini?

Tuanze na wa hapa hapa. Shaaban Robert tunamkariri tangu shule, kazaliwa 1909 Vibambani pale Machui, njia ya Pangani, kafariki 1962 na kaburi lake liko hapo hapo Machui, na nyie mnaopita pale kila wiki na bodaboda hata hamgeuzi shingo. Hayo tunayajua. Ambacho huwa tunakipita haraka ni kwamba yule mzee alikuwa karani. Karani wa serikali! Kaanza forodhani 1926, kaenda idara ya wanyama, karudi hapa Tanga ofisi ya mkuu wa wilaya, kamalizia upimaji ardhi, zaidi ya miaka thelathini yuko mezani kwa mkoloni. Mchana anaandika barua za bwana mkubwa, usiku anaandika za kwake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa barua kwelikweli, zile alizokuwa akimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958 zimetolewa kitabu kizima, mkizipata zisomeni.

Sasa chukua Adili na Nduguze, 1952. Wangapi hapa wamekisoma? Msiinue mikono kwa kuogopana. Haya, kisa ni hivi, Adili ni mtawala wa Janibu chini ya mfalme Rai, mtu mwema mpaka anakera, ila kila usiku anaingia mahali ana manyani wawili kawafunga, anawachapa mjeledi, akimaliza anawalisha. Mjumbe wa mfalme anachungulia anaona, mambo yanaanza. Na baadaye ndo tunaambiwa wale manyani ni kaka zake wa damu.

Hadithi hii haikuanzia Machui. Iko kwenye Alfu Lela Ulela, zile hadithi za Kiarabu, Abdallah wa Basra na ndugu zake wawili, Harun Rashid khalifa wa Baghdad ndiye mkubwa, na mjumbe anachungulia vile vile, na kuna mji mzima watu wake wamekuwa mawe vile vile. Mtu akigundua hivi anasema ahaa, kumbe mzee kaiba. Subiri kwanza. Kule kwenye Alfu Lela Ulela wale ndugu hawakugeuzwa nyani. Waligeuzwa mbwa.

Mbwa wamekuwa nyani. Kwa nini?

Na hapa nasema mimi, msije mkaandika kwenye mtihani kwamba Shaaban kasema. Mbwa kwetu pwani halali ndani. Ukimwambia msomaji wa barabara ya kumi Ngamiani kwamba mtu mstaarabu, mcha Mungu, ana mbwa wawili ndani anakaa nao kuwalisha kwa mkono, yule msomaji anakwama hapo hapo kwenye mbwa, anaanza kuwaza udhu wa yule bwana, hadithi imemponyoka. Nyani ni kitu kingine. Wale wa Muheza mnaolima mahindi mnajua ninachosema, nyani akiingia shambani anavunja hindi kwa mkono kama mtu, analibana kwapani, anavunja jingine, lile la kwanza linadondoka, na ukimtimua anakugeukia anakutazama usoni, yaani mpaka wewe ndo unaona aibu. Kina vidole kile kitu. Kwa hiyo ukimchapa nyani kila usiku unamchapa kitu kinachofanana na ndugu yako, na ndo maana mkono wa Adili ni mzito. Neno moja tu limebadilishwa na hadithi nzima imehamia kwetu.

Halafu angalia majina. Kule Basra wale ndugu wanaitwa Nasir na Mansur, majina mazuri tu, ya ushindi na nusura, unaweza ukampa mwanao leo. Huku wanaitwa Hasidi na Mwivu. Yaani kabla hata hajafungua mdomo umeshajua! Wapo wanaosema huo ni udhaifu, kwamba mhusika anakuja na lebo shingoni kama mzigo wa bandarini, na mi zamani nilikuwa nasema hivyo hivyo nikijifanya mhakiki. Siku hizi nawaza, mtu wa forodha miaka yote kazi yake si ndo kuona mzigo na lebo yake? (Watu wanacheka.) Nyie chekeni. Lakini kikubwa zaidi ni mwisho. Kule wale ndugu wakisharudishiwa ubinadamu wanarudia ubaya ule ule, wanamgeukia tena ndugu yao, na mwisho wao ni kuuawa. Kwa Shaaban wanatubu. Wanasamehewa na wanabaki kuwa watu. Sasa wewe niambie, anayetaka kumjua Shaaban Robert akae anahesabu alichochukua Baghdad, au aangalie hapo alipokataa kuua?

Kusadikika sitakaa nacho sana maana kila mtu anacho mdomoni. 1951, bado tuko chini ya Mwingereza, na yeye ni karani wa huyo huyo Mwingereza, anaandika kesi ya Karama aliyeshtakiwa kwa sababu ya kufundisha watu sheria, na mshtaki wake anaitwa Majivuno. Kesi ya namna hiyo mtu wa mabomani hahitaji kuelezwa. Alichogeuza ni mahali tu, nchi kaiweka angani, mzigo juu ya mawingu, nani atamkamata? Basi.

Sasa twende nyuma zaidi, na huyu ndo kipenzi changu, na nina kinyongo kwamba vijana wengi wa Tanga hawamjui. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, wa upande huu huu wetu. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani imekuja kushika pwani, pale Pangani afisa wao mmoja anaitwa Zelewski anafanya ubabe mpaka kwenye bendera ya Sultani, watu wanainuka, Abushiri bin Salim anaongoza, vita inawaka pwani nzima, Desemba 1889 Abushiri ananyongwa hapo hapo Pangani. Al-Buhriy kaiandika vita hiyo kwa utenzi, unaitwa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani yetu hii.

Mnaojua tenzi mnajua zile za zamani zilikuwa za nini. Vita vya Mtume, masahaba, makafiri wamejaa jangwani kama nzige, mambo yanakuwa magumu, halafu nusura inakuja. Beti mistari minne, mizani nane, kina cha mwisho kinakubeba mpaka ushindi. Bibi yangu alikuwa akiimbiwa zile tenzi anaanza kutikisa kichwa kabla hata panga halijachomolewa maana anajua mwisho. Al-Buhriy anajua fika kwamba msomaji wake amezoea hivyo. Anachukua chombo kile kile, mizani zile zile, anaanza na kumtaja Mola kama ada, anapanga jeshi, watu wanasemezana, na wewe unatikisa kichwa unasubiri nusura. Haiji. Mrima inaondoka mkononi. Yaani kachukua wimbo wa arusi kauimba matangani, na hakubadilisha tuni. Mimi kila nikifika kule mwishoni kifua kinabana, na si kwa sababu ya maneno, maneno mbona ni ya kawaida, ni kwa sababu mdundo unaniambia tutashinda na jina la utenzi tangu juu limeshaniambia tumetamalakiwa.

Kuna na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, yule aliyekuja kuwa liwali hapa Tanga. Mbega yule mwindaji, kigego, meno ya juu yametangulia, kwao Nguu wamemkataa, anazunguka porini na mbwa wake anawagawia watu nyama mpaka Wasambaa wanampa nchi. Wa Lushoto mliopo hapa mnaijua kuliko mimi na kila mmoja ana ya kwake, kwa hiyo sitaki ugomvi, naipita.

Wa karibuni nimtaje mmoja tu. Abdulrazak Gurnah, wa Unguja, Nobeli 2021. Riwaya yake ile ya 1994 sasa tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kaifasiri Ida Hadjivayanis. Mle kuna kijana anaitwa Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri, kijana anachukuliwa badala ya deni. Mzuri wa sura, anaota ndoto, mke wa tajiri anamtaka. Mtu yeyote aliyekaa chuo cha Kurani hata wiki mbili ameshaelewa hii ni sura gani. Na kanzu ya Yusuf mnaikumbuka, ikichanika mbele yeye ndo mwongo, ikichanika nyuma yule mama ndo mwongo. Humu nayo shati linachanika nyuma, vile vile kabisa. Unakaa vizuri kwenye kiti, unasema haya, sasa atatoka atakuwa mkubwa, atashika ghala za Misri. Weee! Samahanini ambao hamjasoma, nakaribia kuwaharibia. Huyu Yusuf mwisho wake anakimbia kuufuata msafara wa askari wa Mjerumani. Shati limemtakasa na bado hana pa kwenda. Yule wa kwanza alimtafsiria mfalme ndoto, huyu wa pwani alimkuta Mjerumani.

Dakika zimebaki ngapi? Tano. Basi nijiseme na mimi, maana si haki kuwachambua watu nikajiacha.

Nina shangazi yangu, yuko hai, kaolewa zamani upande wa mashamba ya mkonge. Alikuwa akitusimulia habari ya bwana mmoja wa manamba, katoka mbali huko bara kwa mkataba, anakata mkonge. Mnaojua kazi ile mnaijua, majani thelathini fungu moja, mwiba wa ncha kwanza unaukata, na siku ukimaliza kazi ndo kipande chako, ile kadi ya siku za kazi, kinatiwa alama, usipomaliza siku hiyo haihesabiki. Yule bwana vipande vyake vikijaa alikuwa anavitunza, hataki kuachana navyo, anasema siku nikirudi nyumbani wataona. Siku moja kapanda treni kaondoka. Shangazi hadithi yake iliishia hapo, kapanda treni, tumbuizo kidogo, lala.

Nikaiandika. Niligeuza vitu viwili. Kwanza nilimpa yule bwana kopo, la maziwa ya unga, lina kutu kwenye mdomo, vipande vyake anaviweka humo na usiku analitikisa sikioni asikie vimejaa kiasi gani. Pili nilimuua. Kafia stesheni, treni imeshapiga honi, kopo limeviringika chini ya benchi. Nikaona nimefanya kazi kubwa! Ikatoka kwenye mkusanyiko fulani, nakala mbili ndo malipo, moja nikampelekea shangazi. Mjukuu wake kamsomea. Nilipoenda tena hakunikaribisha hata maji. Ananiambia, "We mwanangu, yule mtu alikukosea nini? Mimi nimemuona kwa macho yangu anapanda treni, kavaa koti, wewe umemtoa roho hapo nje mbele za watu." Nikajitetea eti ni fasihi. Akasema fasihi ikuue wewe.

Zikapita Ramadhani mbili tatu hivi. Jioni moja niko kwake baada ya futari, watoto wamemzunguka, anawasimulia bwana wa manamba. Mkonge, majani thelathini, kipande. Treni ikaja na yule bwana akapanda salama salimini na koti lake. Na kwapani, anawaambia watoto, kabana kopo lake la maziwa, kila akipiga hatua linalia chaka chaka.

Nikamwambia shangazi, hilo kopo lilikuwa langu.

Akanitazama. "Lako wapi? Kopo lile nimelishika mimi kwa mkono wangu huu."