Chumvi ya Udongo na Unyuzi wa Pamba: Mhadhara Uliotolewa Mombasa

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mabibi na mabwana, wanafunzi, nanyi wakulima mliotoka Kwale na Kilifi alfajiri ili mfike hapa, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu pamba, nami nimechagua jambo moja tu ndani yake. Mmea wa pamba unaweza kustahimili chumvi ya ardhini, ukakua, ukachanua na kuzaa, na bado ukatoa nyuzi ambazo msokotaji hazitaki. Kuishi kwa mmea ni jambo moja, na ubora wa nyuzi zake ni jambo jingine, na mbegu hubeba mambo haya mawili katika jeni tofauti. Nitasema “unyuzi” nikikusudia ule mmoja unaoota juu ya mbegu, na “uzi” nikikusudia ule uliokwisha kusokotwa.

Tafadhali tazameni pamba niliyowapitishia, ambayo bado haijachambuliwa. Shikeni mbegu moja kwa vidole viwili, kisha mzichane nyuzi zake kwa kitana chembamba, nusu kushoto na nusu kulia, mpaka zilale kama mabawa ya kipepeo. Kila unyuzi mnaouona ni seli moja pekee. Si kamba ya seli nyingi zilizoungana, bali ni seli moja ya ngozi ya mbegu iliyochomoza na kurefuka mpaka urefu wake ukapita unene wake zaidi ya mara elfu moja. Mbegu moja hubeba zaidi ya nyuzi elfu kumi za namna hii. Mimi nimeitazama kazi hii kwa miaka mingi na bado hainichoshi.

Seli hizo huanza kuchomoza karibu na siku ile ile ua linapofunguka, likiwa na rangi ya maziwa asubuhi na kugeuka waridi kesho yake. Kwa muda wa wiki tatu hivi unyuzi hurefuka. Kabla urefu haujakoma, kazi ya pili huwa imekwisha kuanza, nayo ni kujaza ukuta wa seli kwa selulosi, ile dutu inayojenga kuta za mimea, tabaka juu ya tabaka, mpaka unyuzi uliokomaa uwe selulosi kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Kwa hiyo urefu huamuliwa mapema, nao unene na sehemu kubwa ya nguvu huja baadaye. Chumvi ikipanda katika wiki tatu zile za mwanzo hudhuru urefu, na ikipanda baadaye hudhuru ukomavu. Mkulima anayesema kwamba chumvi imemharibia pamba yake hajatuambia la kutosha mpaka atueleze ilimharibia wakati gani.

Tujiulize sasa ni nini kinachousukuma unyuzi urefuke. Ni maji. Seli hujikusanyia ndani sukari, madini ya potasiamu, na malati, ambayo ni aina ya asidi ya mimea, na vitu hivi huyavuta maji, nayo maji huisukuma seli kutoka ndani kama pumzi inavyokijaza kibofu cha mpira, huku ukuta wake ukiwa bado laini wa kukubali kunyooka. Mwaka 2001 watafiti wa Australia, Ruan, Llewellyn na Furbank, walionyesha jambo la ajabu: vijitundu vinavyouunganisha unyuzi na seli za jirani hufungwa karibu na siku ya 10 baada ya ua kufunguka, kisha hufunguliwa tena karibu na siku ya 16. Vikiwa vimefungwa, msukumo wa maji hubaki ndani ya unyuzi, nao unyuzi hurefuka kwa kasi. Baadaye ikadhihirika kwamba aina za pamba zinazovifunga vijitundu hivyo kwa siku nyingi zaidi ndizo zenye nyuzi ndefu zaidi. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2003 kwamba ukiizima jeni ya kimeng’enya kinachoivunja sukari inayoletwa na mmea, nyuzi hushindwa kuchomoza na kurefuka.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Mtu yeyote wa Mombasa anaijua tofauti ya maji matamu na maji ya kisima chenye chumvi, kwani ulimi na sabuni vitamwambia. Mzizi nao unaijua. Maji yenye chumvi hayapandi kwenye mmea kwa urahisi, kwa sababu chumvi iliyo nje huyazuia. Hayo ndiyo madhara ya kwanza. Ya pili ni kwamba sodiamu iliyomo ndani ya chumvi hufanana na potasiamu kiasi cha kuipokonya njia zake za kuingilia mzizini, na unyuzi, kama nilivyosema, unaitegemea potasiamu ili uvute maji. Ya tatu ni kwamba majani yaliyoumizwa na chumvi hutengeneza sukari kidogo. Maji, potasiamu na sukari ndivyo hasa unyuzi unavyovihitaji katika wiki zake tatu za kurefuka.

Mtasema kwamba pamba husifiwa kuwa ni mmea unaoivumilia chumvi, na ni kweli. Katika hesabu za watafiti Maas na Hoffman za mwaka 1977, mavuno ya pamba hayaanzi kupungua mpaka chumvi ya udongo, ikipimwa kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme, ipite desisimensi 7.7 kwa mita, na baada ya hapo hupungua kwa asilimia 5.2 kwa kila desisimensi inayoongezeka. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi kuanzia 4, na maji ya bahari ni kama 50. Lakini tazameni hesabu hizo zinapima nini: zinapima mavuno. Hazisemi lolote kuhusu urefu wa unyuzi, na mtu akizinukuu kama kwamba zinahusu ubora, amezibebesha mzigo usio wao.

Mzee mmoja ambaye shamba lake liko karibu na mkono wa bahari upande wa Kilifi alinionyesha pamba yake, vitumba vimejaa na majani mabichi, akiwa na furaha kwamba mbegu aliyoshauriwa apande imeishinda chumvi. Mnunuzi alikata kishungi, akakivuta kwa vidole gumba viwili, akatupa nusu, akavuta tena mpaka nyuzi zikalala sambamba, akakiweka juu ya kitambaa cheusi. Kisha akaiandika pamba yote ya yule mzee daraja la chini. Niliumia kwa niaba yake. Hakuna aliyemdanganya kuhusu chumvi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyempimia unyuzi.

Sasa turudi kwenye jeni. Pamba inayolimwa sehemu kubwa ya dunia, Gossypium hirsutum, ina kromosomu 52, kwa sababu ni mzao wa mimea miwili ya kale iliyokutana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita: mmoja wa ukoo wa Afrika na Asia, wenye nyuzi zinazosokoteka, na mwingine wa Amerika, usio na nyuzi za kusokota. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba jeni nyingi zinazoathiri ubora wa nyuzi zimo katika nusu iliyotoka kwa yule mzazi asiye na nyuzi za maana. Ubora, basi, haukai mahali pamoja. Urefu, nguvu na unene kila kimoja hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na baadhi ya zile zinazoongeza mavuno hupunguza ubora.

Ustahimilivu wa chumvi nao una jeni zake. Baadhi huisukuma sodiamu itoke mzizini, kama SOS1. Nyingine, kama HKT1, huizuia isipande majanini, na nyingine, kama NHX1, huifungia ndani ya ghala la seli isidhuru. Mwaka 2005 watafiti wa Texas walieleza kwamba pamba waliyoipa jeni ya NHX1 kutoka mmea mwingine ilitoa nyuzi nyingi zaidi ikinyweshwa maji yenye chumvi isiyofika nusu ya ile ya bahari. Haya hayahusiani na pamba ya Bt, iliyotiwa jeni ya bakteria, iliyoidhinishwa Kenya Desemba 2019. Ile ina kinga dhidi ya funza wa vitumba, wala tusiitarajie ishindane na chumvi.

Njia nyingine ni kuchanganya mbegu. Pamba ya porini ya Hawaii, Gossypium tomentosum, inayoota kwenye pwani kavu, nayo ina kromosomu 52, kwa hiyo huzaa na pamba ya shambani. Nyuzi zake ni fupi na za kahawia. Ukiichukua kwa ajili ya ustahimilivu, vipande vya kromosomu vilivyo jirani na jeni unazozitaka hufuatana nazo, vikileta ufupi na rangi. Itabidi kuurudisha mzao kwa mzazi wa shambani kizazi baada ya kizazi, huku kila kizazi kikipimwa chumvi na unyuzi pamoja. Gossypium barbadense, pamba nyingine ya shambani ambayo nyuzi zake hupita milimita 34, inaweza pia kutumika, nami ningeanza nayo, kwa sababu haitudai tuuguze ufupi.

Nasisitiza kupima pamoja, na kupima katika udongo wetu, kwa kuwa mbegu iliyoshika nafasi ya kwanza katika udongo mtamu inaweza kushika ya mwisho penye chumvi. Hapa pwani, ukipanda kwa mvua za mwaka, yaani masika, maua huanza baada ya miezi miwili hivi, mvua zikielekea kupungua, na udongo unapokauka chumvi hupanda juu. Ndipo wiki zile tatu zinapoanguka.

Kwa hiyo nawaomba wakulima mlio hapa mfanye hivi msimu ujao. Asubuhi moja mfunge uzi mwekundu kwenye maua kumi yaliyofunguka siku hiyo, penye chumvi zaidi shambani, na uzi mweupe kwenye kumi mengine penye nafuu, mwandike tarehe, na baada ya wiki tatu mrudie tena kwa maua mapya. Vitumba vyake mvichume mbalimbali, kila kundi katika bahasha yake, wala msivichambue. Tutazichana nyuzi kwa kitana na kuzipima mbegu kwa mbegu juu ya kitambaa cheusi, mkulima mwenyewe akiwa ameshika rula.