Homa ya ini C haifubazwi, inaondoka

Habari za asubuhi ndugu zangu. Nawaona wauguzi, nawaona waelimishaji rika, na kule nyuma nawaona kina mama ambao watoto wao wako kwenye methadoni, ile dawa ya kuwasaidia kuachana na unga. Karibuni sana. Waliokwisha kunisikia mahali pengine wanivumilie, maana naanzia palepale ninapoanzia siku zote. Naanzia kwenye neno kufubaza.

Neno hili tulilizoea kwa dawa za UKIMWI, na kazi yake limeifanya vizuri. Mtu aliambiwa virusi vimedhoofishwa lakini havijaondoka, ukiacha dawa vinaamka, akaelewa. Shida yetu ni kwamba tumelichukua neno hilohilo tukalibandika kwenye homa ya ini aina ya C. Nimelisikia wodini, nimelisikia kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa anaambiwa, "Utaanza dawa za kufubaza." Anarudi nyumbani akijua amefungiwa vidonge mpaka kaburini. Wengine hawarudi kabisa kuvichukua. Jamani, si kweli! Dawa hizi mtu anameza kidonge kila siku, kwa wengi ni wiki 12, halafu anaacha. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanapona. Nasema kupona, kirusi hakimo tena mwilini.

Najua yupo anayejiuliza moyoni: virusi ni virusi, tangu lini vikaisha? Nimjibu. Kirusi cha UKIMWI kinajishona ndani ya vinasaba vyetu. Ni sawa na mtu aliyeingiza jina lake kwenye hati ya nyumba, kumtoa ni kazi ambayo dawa za leo haziiwezi. Kirusi cha homa ya ini B kinaficha nakala yake ndani ya kiini cha seli, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa B wanaotumia dawa wanakaa nazo miaka mingi. Hiki cha C kwenye kiini hakiingii kamwe. Kinaishi nje ya kiini, sebuleni tu, na ili kiendelee kuwapo lazima kijinakili kila siku. Ni mpangaji asiye na mkataba. Ukikizuia kujinakili, nakala za zamani zinachakaa, mpya hazizaliwi, na nyumba inabaki tupu.

Kwa nini dawa mbili na si moja? Kirusi hiki kinajinakili kwa pupa na kinakosea mno. Katika makosa hayo hatakosekana mtoto mmoja anayeikwepa dawa moja. Kuzikwepa mbili kwa mpigo ni vigumu sana. Dawa ya kwanza, sofosbuviri, inajifanya tofali halali. Kirusi kinaliweka ukutani, na ujenzi unakwama hapohapo. Ya pili, daklatasviri au velpatasviri, inakamata protini nyingine, ambayo kirusi kinaihitaji ili kujinakili na kuunda virusi vipya. Nimewahi kukuta ndugu wawili wanagawana chupa moja, kila mmoja siku yake, kwa mapenzi kabisa. Niliumia, maana huko ni kumfundisha adui njia. Chupa ya mtu ni ya mtu.

Sasa nisimulie habari ya mvuvi. Wanaoijua wakae nayo tena, mimi bado haijanitoka.

Mvuvi huyu alikwenda kumtolea damu dada yake aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Wakampima kwa kipimo cha haraka, kikasoma. Akaambiwa, "Una homa ya ini C, damu yako haifai," akapewa kikaratasi. Hakuna aliyemwambia kuna kipimo cha pili. Hakuna aliyemwambia arudi. Hospitali siitaji, maana ingeweza kuwa yoyote kati ya zetu. Akauza mashine ya boti. Akanywa mizizi ya huyu, mizizi ya yule. Nyumbani akatenga sahani yake, kikombe chake, kijiko chake, na wanawe akawakataza kukaa mapajani pake. Miaka miwili! Na ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala kumpakata mtoto. Ni damu kwa damu.

Alipofika kwangu nikakiangalia kile kikaratasi. Kilikuwa kipimo cha kingamwili peke yake, yaani kinga ambayo mwili unaitengeneza kupambana na kirusi. Nawaomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine pote leo. Kingamwili ni nyayo za mwizi mchangani. Zinakwambia alipita. Hazikwambii yumo ndani. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kama 30 hivi mwili unakifukuza kirusi wenyewe bila dawa, na nyayo zinabaki. Tukaichukua damu yake, tukatafuta kirusi chenyewe. Hakikuwamo. Hakukuwa na cha kutibu.

Nikampa majibu nikitegemea atafurahi. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na boti yangu, daktari?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu kila nikipewa kipaza sauti nasema: kipimo cha kingamwili kikisoma, mtu asiondoke bila mpango wa kipimo cha kirusi. Na msiniambie mashine hatuna. Ile jinekspati mnayopimia makohozi ya kifua kikuu inaweza kupima na kirusi hiki, inataka katriji yake tu, kile kikasha cha kupimia. Mashine ipo chumba cha pili! Tunachopaswa kudai ni katriji, na tuidai kwa sauti.

Mwingine atasema haya ni mambo ya nchi tajiri. Haya, twende Misri. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa bonde la Nili walidungwa sindano za kichocho, maelfu kwa maelfu, na sindano za kioo zilitumiwa kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa ipasavyo. Kichocho kilitibiwa, homa ya ini C ikapandwa. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta karibu watu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59 wana nyayo zile. Hakuna nchi iliyokuwa na mzigo kama huo. Dawa ilipotoka Marekani Desemba 2013, kidonge kimoja cha sofosbuviri kiliuzwa dola 1,000, na wiki 12 zilikuwa dola 84,000. Misri haikukaa kulia. Ilijadiliana ikapewa wiki hizohizo 12 kwa dola 900, kisha viwanda vyake vikaitengeneza vyenyewe kwa bei ya chini zaidi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima watu karibu milioni 50. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwamba iko njiani kuutokomeza. Leo nchi zinazonunua kwa bei nafuu zaidi zinapata tiba nzima kwa kama dola 60. Basi neno ghali tulitumie kwa uangalifu.

Na hili ninalolisikia kila mara: "Wa unga tukimtibu atajidunga tena, atapata tena." Anaweza kupata tena, ndiyo, kupona hakumpi kinga na chanjo haipo. Lakini mtoto akiugua malaria mara ya tatu mnamfukuza? Huyu mkimtibu, kuna mwenzake ambaye hatamwambukiza. Mpeni methadoni, mpeni sindano safi, mpeni vidonge. Kina mama mlioko nyuma, mkiambiwa mwanao asubiri kwanza aache kabisa, msikubali. Mwongozo wa dunia hausemi hivyo.

Naonyeshwa saa. Nikimbie. Kabla ya dawa, pima homa ya ini B, maana C ikiondoka B iliyolala inaweza kuamka. Uliza dawa nyingine zote anazotumia: rifampisini ya kifua kikuu haichanganywi na hizi, amiodaroni ya moyo ni hatari pamoja na sofosbuviri, na dawa za asidi ya tumbo zinaipunguza nguvu velpatasviri. Mwenye ini lililosinyaa anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi, na hata akipona aendelee na altrasaundi kila miezi 6, kwa sababu hatari ya saratani inapungua lakini haiishi. Ya interferoni nilitaka kuwasimulia, zile sindano za hadi wiki 48 zilizomwacha mgonjwa na homa na huzuni na kuponya kama nusu tu. Siku nyingine.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, pima kirusi. Kisipoonekana, amepona. Msipime tena kingamwili kuthibitisha, zile nyayo hukaa na mtu maisha yake, na mtamrudisha kwenye kilio bure.

Mama aliyeandika swali kuhusu kunyonyesha: nyonyesha. Ila chuchu zikipasuka zikatoa damu, simamisha mpaka zipone. Aliye na dawa za kifua kikuu asiondoke, nakuja kukaa naye pale mlangoni, na aje na kadi yake.