Bolti Iliyokatika Mkanda

Assalaam alaykum, wazee wangu na vijana wa Lamu. Hii ni bolti ya mashine ya boti. Ilinikatikia kwenye mkondo wa Mkanda, bahari shwari, boti tupu. Fundi akanilaumu: "Ulipakia sana." Wallahi sikuwa na hata gunia moja.

Itazameni pale ilipokatika. Sehemu kubwa ni laini, ina mistari kama inayoachwa mchangani maji yakipwa. Hiyo ni njia ya ufa, ukitambaa pole pole. Kipande kidogo kilichobaki kimeparuza. Hicho ndicho kilichokatika siku ile. Kumbe bolti ilikuwa mgonjwa zamani, nami napiga mashine tu.

Ndege nayo ni hivyo. Mabati yake ya aluminiamu hushikwa na maelfu ya bolti na ribiti (vijiti vya madini vinavyopondwa ncha ili vibane mabati), na kila moja yataka tundu lake. Vuta bati lenye tundu la duara: ukingo wa tundu huvutika karibu mara 3 kuliko bati lenyewe. Ufa hupenda hapo.

Wengi hudhani bolti hubeba mzigo kama msumari wa jahazi. Ukiikaza sawasawa, hutanuka kidogo, ikayabana mabati, na msuguano wao ukabeba mzigo. Mvuto wa nenda-rudi bolti huuonja tu. Ikilegea, huula wote. Ndiyo maana fundi wa ndege hakazi kwa kukisia. Ana spana ya kipimo, kwani kukaza kupita kiasi nako huharibu.

Mwaka 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka paa la mbele ikiwa angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje, akapotea. Pale mabati yalipoungana palikuwa na gundi na ribiti, lakini maradhi ni yayo hayo: gundi iliachia, mzigo ukaziangukia ribiti, nyufa za tundu hili na lile zikakutana. Ilikuwa imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi za kisiwa hadi kisiwa, kwenye hewa ya chumvi. Ikipaa, mwili hutuna kwa hewa ya ndani kama tanga, ikitua, hunywea. Kwa hiyo hesabuni miruko kabla ya masaa.

Haya, ipitisheni bolti hii. Mulikeni kwa tochi ya simu, kwenye jino la kwanza lililoshikwa na nati. Ufa ulianzia hapo.