Mshauri wa fedha, vyeti vyake na anayemlipa

Wababa na wamama, nanyi vijana wa uhasibu mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kufika.

Mmeniomba nieleze kazi niliyostaafu, ya kushauri watu juu ya feza zao, na vyeti vyake. Nilianza kama karani wa benki, zamani za zaire, feza ya Kongo kabla ya faranga. Lakini ushauri wenyewe nilijifunza hapa Lubumbashi mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipoondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mtu aliyezoea mshahara na posho alipewa feza yote mara moja. Huyu ananunua taxi-bus, yule anafungua duka, mwingine anajengea watoto. Wengi hawakuuliza mtu, na mjini hapa hata wa kuuliza walikuwa haba. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa vyeti. Marekani, cheti kinachojulikana kwa kazi hii ni CFP (Certified Financial Planner), yaani mpangaji wa fedha aliyethibitishwa. Kundi la kwanza, watu 42, lilihitimu mwaka 1973. Anayekitaka anasoma, anafanya mtihani, anathibitisha miaka ya kazi, kisha anafungwa na kanuni za maadili. CFA (Chartered Financial Analyst), cha wachambuzi wa fedha, ni kingine, mitihani ya ngazi tatu, na kinawafaa zaidi wanaochambua hisa kuliko anayekaa na familia mezani.

Mimi navutiwa zaidi na daftari la wazi la Wamarekani kwenye mtandao, BrokerCheck. Unaandika jina la wakala wa hisa, unaona alikofanya kazi na kama amewahi kuadhibiwa. Hata akiacha kazi, habari zake hubaki miaka 10. Ni haki kabisa, maana shauri baya linaweza kuonekana baada ya aliyelitoa kwenda zake. Natamani sana tuwe nalo hapa.

Sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko la bima kwetu, na wauzaji wanagonga milango. Wamama wa likelemba, mnaochangishana feza na kupokezana kwa zamu, swali lenu la kwanza liwe: nani anakulipa? Anayelipwa kwa kila mkataba anaouza si mwizi, lakini akisema bima hii inakufaa, muulize atapata kiasi gani ukitia sahihi. Akikasirika, usitie sahihi siku hiyo. Akitaja kiasi, kiandike, halafu kaulize kwa mwingine asiyeuza kitu.

Tupokee maswali. Mama yule wa mbele ameinua mkono kitambo.